Shajara ya Mradi: Ramani ya Azania na Chombo cha Kushonwa

3 Agosti

Ruhusa imetoka na chumba tumepewa: stoo ya nyuma ya maktaba ya shule yetu hapa kisiwani Mafia, ile iliyojaa madawati mabovu. Mpango una vitu vitatu. Ramani ya ukutani ya biashara ya Bahari ya Hindi katika karne ya 1. Modeli ya chombo cha kushonwa kwa kamba, kisicho na msumari hata mmoja. Na meza ya bidhaa zilizokuwa zikiingia na kutoka pwani hii. Tunataka kufungua kabla shule hazijafungwa Desemba.

Msingi wa kazi yote ni Periplus ya Bahari ya Erythra, mwongozo wa safari ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Ni kijitabu cha sura 66, nyingine mistari michache tu, na nakala kongwe iliyobaki ni ya karne ya 10, iko Heidelberg, Ujerumani. Mwandishi anaanzia bandari za Misri kwenye Bahari ya Shamu, Myos Hormos na Berenike, halafu anafuata njia mbili. Moja inashuka na pwani ya Afrika mpaka Rhapta, soko la mwisho la nchi aliyoiita Azania. Nyingine inapita Uarabuni mpaka India. Hana habari na mandhari wala mashairi. Anataka ujue wapi nanga inashika, nani anatoza ushuru, na watu wa bandari fulani wananunua nini.

Klabu ya historia nimewapa sura ya 14 mpaka ya 18 tu, kwa Kiswahili nilichokiandaa mwenyewe. Huko ndiko tulikotajwa sisi.

10 Agosti

Kikao cha kusoma kilichangamka, na kilichokichangamsha ni sura ya 15. Inataja kisiwa cha Menouthias: kiko chini, kina miti mingi, mito, ndege wa kila aina na kobe. Hakina wanyama wakali ila mamba, nao, anasema mwandishi, hawamdhuru mtu. Wenyeji wana vyombo vidogo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, wanavulia samaki na kukamatia kasa. Kisha anaongeza kwamba wana uvuvi wao wa pekee: badala ya nyavu, hutega vikapu kwenye milango ya maji, kati ya miamba inayovunja mawimbi.

Binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa mvuvi, hakungoja nimalize. "Mwalimu, hilo si dema?"

Darasa likagawanyika palepale. Wa upande mmoja walishikilia ni dema, kwa kuwa ni kikapu na kimesukwa. Wa upande mwingine wakasema dema hutegwa kwenye kina na chambo ndani yake, na huyu mwandishi anaeleza kitu kinachoziba mlango maji yakitoka, kwa hiyo ni uzio. Wakatajiana mpaka majina ya mikondo ya hapa Mafia ambako wazee wao hutega. Mimi nilinyamaza. Sijawahi kuona maandishi ya miaka karibu 2,000 yakijadiliwa kwa hoja za namna hiyo, na nina shaka kama maprofesa walioyahariri waliwahi kulowa mpaka magotini kwa ajili ya samaki. Kwenye bango tutaweka yote mawili, dema na uzio, kila kimoja kikiwa kitu halisi.

Shida ilikuwa kisiwa. Wote wanataka Menouthias iwe Mafia. Wataalamu wanaigombania kati ya Pemba, Unguja na Mafia, na maandishi yenyewe yanasema kwamba kutoka hapo mpaka Rhapta ni mwendo wa siku mbili. Kijana mmoja alijipinga mwenyewe: "Angefika kwetu angetaja viboko." Akazomewa, lakini hoja ni nzuri. Nimeamua visiwa vyote vitatu vipakwe rangi moja na jina liandikwe baharini pembeni. Malalamiko yamepokelewa na yamewekwa kando.

24 Agosti

Nimevuka kwenda kisiwa cha Jibondo kumwona fundi. Yeye na ukoo wake ni waundaji wa mashua na majahazi, kazi ya misumari na kalafati. Chombo cha kushonwa hajaunda. Babu yake ndiye aliyekuwa akisimulia mitepe, vyombo vya kushonwa vilivyokuja kutoka upande wa Lamu. Vyombo hivyo vilikoma kuundwa mwanzoni mwa karne ya 20. Nilimwonyesha picha za modeli za mtepe zilizoko makumbusho. Alizitazama kwa muda mrefu, hasa namna mbao zinavyokutana kwenye omo, yaani mbele ya chombo, halafu akasema atakuja, kwa sharti moja: hatafuata michoro yangu ya sentimita. Atapima kwa shibiri na dhiraa, na wanafunzi watajifunza hivyohivyo.

Tumekubaliana urefu wa pima moja. Mbao za mwembe, kwa kuwa zinapatikana.

Jambo la kuandikwa wazi kwenye kibao: hakuna aliyeacha mchoro wa chombo cha Rhapta. Periplus inasema tu ni vidogo na vimeshonwa, na kwamba mji umepata jina lake kutokana navyo. Umbo tunaloliunda ni la mtepe wa karne za karibuni. Mgeni asitoke chumbani akidhani tumemwonyesha picha ya mwaka 50.

7 Septemba

Meza ya bidhaa. Hapa ndipo penye utamu wa mradi wote, na ningeachiwa ningejaza chumba kizima.

Sura ya 17 inaorodhesha vilivyoletwa Azania. Mikuki, hasa ile iliyofuliwa Muza, bandari iliyokuwa katika Yemen ya leo, makusudi kwa soko hili. Vishoka, visu na misharasi, yaani vyuma vyenye ncha vya kutobolea. Vyombo vya kioo vya aina mbalimbali. Halafu divai na ngano kiasi, na mwandishi anaeleza bila haya kwamba hivyo si vya kuuza. Ni vya kuwafurahisha wenyeji. Takrima, kwa lugha ya siku za kampeni. Vilivyotoka: pembe za ndovu kwa wingi, ingawa anaziona duni kuliko za Adulis kule kwenye Eritrea ya leo, vipusa, na magamba ya kasa ambayo anayapa nafasi ya pili baada ya yale ya India.

Tazama hiyo mikuki. Mfua chuma wa Uarabuni alikuwa anajua mteja wa Azania anataka mkuki wa namna gani, na anautengeneza hivyo. Hii ina maana mteja alikuwa na uchaguzi, alikuwa akikataa vitu, na habari za kukataa kwake zilikuwa zikisafiri na kurudi. Katika vitabu tulivyosomea, pwani ya kale ni mahali pa watu waliokaa wakingoja shanga. Kibao cha mikuki nitakiandika mimi, wala sitakubali kipunguzwe.

Sura ya 14 nayo inatupa upande wa India. Vyombo kutoka Barygaza na Ariake vilipeleka masoko ya pwani ya Somalia ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, mishipi, na asali ya mwanzi iitwayo sakkhari, yaani sukari. Nyingi ya hizi zimepatikana duka la jirani kwa mkupuo mmoja. Muuzaji aliuliza nani anaoa.

Pembe na magamba ni habari nyingine. Biashara ya magamba ya kasa hasa ni ng'amba, na ng'amba analindwa kisheria, kama ndovu na kifaru. Mzazi mmoja alijitolea kuleta gamba la zamani alilorithi. Tumemshukuru na kumwomba asilitoe nyumbani. Tutatumia pembe ya ng'ombe iliyochemshwa, ikabanwa bapa na kung'arishwa. Pembe ya ndovu itachongwa kwa mti na kupakwa rangi.

21 Septemba

Kamba. Akina mama wa kijiji cha jirani wametuuzia usumba uliokwisha pondwa, kutoka makumbi yaliyofukiwa matopeni miezi mingi. Harufu yake imeingia maktaba na mkutubi amelalamika kwa maandishi. Wanafunzi wanasokota wakati wa mapumziko, juu ya paja, kama bibi zao. Kamba zao za mwanzo nene hapa nyembamba pale. Fundi amezikata zote na kuzifanya za kufungia mizigo.

Periplus haisemi Rhapta walishonea nini. Tumechagua usumba kwa sababu ndio ulioshona mitepe, na kibao kitasema hivyo.

5 Oktoba

Ramani imeanza kupakwa. Nimetumia mbao za plaiwudi zilizounganishwa, zimepigwa miraba kwa penseli, kutoka Misri juu mpaka Kilwa chini na India kulia.

Tatizo la ramani za namna hii ni mishale. Mshale mmoja kutoka Misri mpaka Azania unamdanganya mtazamaji kwamba mtu alipanda chomboni akafika. Kilichokuwa kinaamua ni upepo, na mtoto wa pwani anajua hilo kuliko mchora ramani. Kwa hiyo tumetengeneza karatasi mbili za plastiki angavu zinazofunika ramani kwa zamu: moja ya kusi, upepo wa kutoka kusini, moja ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Ukiweka ya kusi, chombo kilichotoka Misri mwezi Julai kinavuka kutoka Ghuba ya Aden mpaka India. Ukiweka ya kaskazi, kinarudi, na mwaka haujaisha. Sasa jaribu Rhapta. Unatoka Misri Julai ileile, lakini kusi inakukabili usoni, kwa hiyo unafanya biashara kwenye masoko ya kaskazini mpaka kaskazi ivume ikushushe kusini. Halafu unangoja kusi ikurudishe, nayo ikikaza sana bahari haiingiliki. Safari inaingia mwaka wa pili. Wanafunzi wamecheza na karatasi hizo mpaka pembe zimechanika. Itabidi tuzipige gundi.

Hippalus, yule nahodha ambaye Wagiriki walimsifu kwa kugundua njia ya kukata bahari moja kwa moja, tumempa mstari mmoja. Waarabu na Wahindi walikuwa wakitumia pepo hizo kabla yake.

Kuhusu mwendo tumepata kitu kizuri kwa Ptolemy, aliyeandika Alexandria katika karne ya 2. Anamtaja nahodha Theophilus aliyetoka Rhapta kwa upepo wa kusini akafika Aromata, yaani Ras Asir ya Somalia, siku ya ishirini. Tukiichukulia Rhapta kuwa karibu na delta ya Rufiji, ni kama kilomita 2,500, sawa na kilomita 125 kwa siku. Fundi aliposikia aliguna. Jahazi lenye kusi nzuri linapita hapo bila taabu. Akaona huyo Theophilus ama alikuwa analala ufukweni usiku, ama alipakia kupita kiasi.

Na Rhapta yenyewe? Haijapatikana. Mwanaakiolojia Felix Chami na wenzake walipata shanga za kioo za Kirumi upande wa Rufiji, habari zilizochapishwa mwaka 1999, na huo ni ushahidi mzito kuliko mwingi. Wengine wameitafuta Pangani na Dar es Salaam. Ptolemy anaiita mji mkuu na kuiweka kwenye mto. Hatupigi bendera popote. Tumepaka mstari mpana wa rangi ya machungwa kando ya pwani kutoka Pangani mpaka Rufiji, mzito zaidi upande wa kusini.

19 Oktoba

Mitihani. Hakuna kilichofanyika ila rangi ya bahari, koti la pili.

2 Novemba

Tunashona. Fundi anatoboa kwa keke ya uta, matundu yaliyopishana vidole viwili, kando ya kila ubao, tundu la ubao wa chini likitazamana na la juu. Kwenye ungo wa mbao mbili, yaani pale zinapokutana, upande wa ndani, unalazwa mkanda wa usumba mkavu. Mtoto mmoja anakaa ndani ya chombo, mwingine nje, wanapitishiana kamba, inakatiza juu ya ule mkanda na kuugandamiza kwenye ungo. Kisha fundi anavingirisha kamba kwenye kijiti, anakaza kwa mguu mpaka mbao zinalia, na kabla hajalegeza anagongomelea kijiti cha mkwaju ndani ya tundu, kamba isirudi. Tundu linalofuata. Mpaka jioni tumemaliza ungo mmoja wa upande mmoja, na kila kiganja kina malengelenge.

Kijana wa viboko akauliza swali ambalo nilikuwa nimelihifadhi moyoni: ikiwa Rhapta ni mji wa vyombo vya kushonwa, na orodha ya bidhaa ina misharasi, je, misharasi ile haikuwa ya kutobolea mbao? Fundi akaagiza msharasi kwa mshona viatu aliye sokoni, akamkabidhi. "Haya, toboa." Kijana alisukuma, akasukuma. Ubao ulipata alama. "Kwa hiyo utafika kiyama." Lakini fundi hakuurudisha. Alasiri yote aliutumia kuvutia kamba iliyokwama tunduni na kuchokoa nyuzi zilizoziba njia, na alipoondoka aliuweka kwenye mkoba wake pamoja na tezo na patasi. Msharasi utakaa kando ya chombo, si kwenye meza ya bidhaa. Kibao kitataja orodha ya sura ya 17 na kazi tuliyoufanyia sisi, basi.

Watu wa Azania hawakuwa peke yao katika ushonaji huu. Sura ya 36 inasema Omana, upande wa Ghuba, waliunda vyombo vya kushonwa viitwavyo madarata na kuviuza Uarabuni. Nimewaonyesha wanafunzi kwenye ramani. Tumeweka alama ya sindano pale, na nyingine kwetu.

16 Novemba

Bamvua, maji makuu. Jana tulikishusha chombo majini.

Maji yaliingia kwenye kila ungo, na wanafunzi waliokuwa wameita wazazi wao walitaka ardhi iwameze. Fundi alikifunga kwenye kigingi, akakiacha kijae, akaenda kunywa kahawa. Kesho yake asubuhi tulikikumba maji, na mpaka adhuhuri kilikuwa kimeingiza kiasi cha kata mbili za maji. Mbao zilivimba, usumba ukavimba, ungo zikajifunga. Kikikauka kitapakwa deheni ya shahamu na chokaa kwenye sehemu inayokaa majini.

Halafu akatuonyesha jambo ambalo sikulisoma popote likaniingia namna hii. Aliinua omo mpaka kifuani, akaiachia ianguke mchangani. Mbao zilicheza, ungo zikatanuka kidogo na kurudi. "Cha msumari kingepasuka," akasema. Pwani isiyo na gati, chombo kinapandishwa ufukweni kila maji yanapotoka na kupigwa na wimbi kila yanaporudi; kamba inavumilia hayo, na ikichoka unaikata na kushona upya kwa kitu kinachoota nyuma ya nyumba yako.

23 Novemba

Kona ya Berenike imekamilika, haraka kuliko nyingine kwa kuwa vielelezo ni vichache na vina nguvu. Ndani ya hekalu la bandari hiyo wachimbaji walikuta mtungi wa Kihindi wenye kilo 7.55 za pilipili manga. Bei ya pilipili manga halisi kwa kiasi hicho imetushinda, hivyo mtungi wetu umejaa mbegu za papai zilizokaushwa, na pilipili ya kweli imetandazwa juu tu. Wafanyabiashara wasio waaminifu wanaijua mbinu hii. Pembeni kuna picha ya sanamu ya Buddha iliyofukuliwa hapohapo Berenike mwaka 2022, na ya kibao cha mti kutoka pango la Hoq, kisiwani Socotra, kilichoandikwa kwa Kiaramu cha Palmyra mwaka 258, kwenye pango ambalo mabaharia wa India, Uarabuni, Ethiopia na kwingine waliandika majina yao.

Ubishi wa mwisho ni bango la watu. Sura ya 16 inasema wafanyabiashara wa Muza walituma Rhapta manahodha na mawakala Waarabu waliozoeana na wenyeji, waliooa kwao, na waliojua pwani na lugha yake. Mchoro wa kwanza wa wanafunzi ulikuwa na nahodha mwenye kilemba amesimama mbele, mikuki nyuma yake. Binti wa dema akauliza lugha alifundishwa na nani. Baada ya hapo mchoro ulibadilika wenyewe: nahodha ameketi mkekani, mkewe ndiye anayezungumza, mkwewe anapima pembe ya ndovu kwa macho, na shemeji anaukataa mkuki kwa kuwa mpini wake mfupi. Mkwe amechorwa na uso wa fundi. Fundi ameuona na kudai apewe kofia nzuri zaidi.

Kilichobaki: tanga la ukili, ambalo limesukwa nusu, karatasi mpya ya kaskazi, vibao kumi na moja vya kusahihishwa, na barua ya kumwomba mkutubi radhi kwa ile harufu.